Robert Serumaga: Mwelekezi na Mwigizaji Aliyenena Bila Maneno

Utangulizi

Mcheza kwao hutunzwa, husema wahenga. Hata hivyo, historia ya sanaa za maonyesho katika Afrika Mashariki inawakumbuka wachezaji kadha wa kadha waliocheza kwao na tuzo yao ikawa kizuizi, risasi au maisha ya uhamishoni. Mmoja wao ni Robert Bellarmino Serumaga wa Uganda, aliyezaliwa mwaka 1939 na kufariki dunia jijini Nairobi mnamo Septemba 1980 akiwa na umri wa miaka arubaini na kidogo tu. Katika muda huo mfupi alikuwa mwanauchumi, mtangazaji wa redio, mwandishi wa riwaya na tamthilia, mwigizaji, mwelekezi wa maonyesho, mkufunzi wa vijana na, mwishoni, waziri wa serikali.

Wanafunzi wengi wa fasihi katika vyuo vyetu humfahamu Okot p'Bitek kwa tungo zake, Ebrahim Hussein kwa Kinjeketile na Francis Imbuga kwa Betrayal in the City. Jina la Serumaga hutajwa kwa nadra, ingawa katika miaka ya 1970 kundi lake lilizuru mabara kadhaa na kusimama katika kumbi ambazo makundi machache ya Afrika yalikuwa yamezifikia. Makala haya yanadhamiria kusimulia maisha yake na kuonyesha jambo moja lililo kiini cha usanii wake: namna alivyoyapunguza maneno jukwaani hatua kwa hatua, kutoka tamthilia iliyojaa mazungumzo ya Kiingereza hadi onyesho lisilo na neno hata moja, katika nchi ambamo neno lilikuwa limegeuka kuwa hatari. Tutajiuliza pia uamuzi huo ulimpa nini na ulimgharimu nini.

Huenda msomaji akauliza: Rodi Kopany na Kampala wapi na wapi? Mtu aliyelelewa Rodi Kopany, pale barabara ya Homa Bay inapokutana na zile ziendazo Rongo na Ndhiwa, hana haja ya kwenda mbali ili amwelewe Serumaga. Ziwa linalotuchekea kutoka Homa Bay ndilo linalobembea kwenye ufuo wa Entebbe. Kijaluo na Kiacholi ni lugha ndugu, na masimulizi ya wazee wetu huwaleta Wajaluo kutoka kaskazini kupitia ardhi ya Uganda. Na itakavyobainika hapa chini, mchezo uliompatia Serumaga sifa kuu ulichotwa katika kisa cha Waacholi kuhusu baba wa mapacha, jambo ambalo mzee yeyote wa Kanyada au Kanyamwa angelitambua bila kufasiriwa.

Malezi na Elimu

Serumaga alikuwa Mganda. Alilelewa na mama yake katika imani ya Kikatoliki, na jina lake la ubatizo, Bellarmino, ni la mtakatifu wa Kanisa hilo. Alikua katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza, wakati kijana aliyefaulu vyema masomoni alitarajiwa kuwa karani mkubwa, daktari au wakili. Naye hakwenda kinyume cha matarajio hayo mwanzoni. Alisafiri hadi Ireland akasomea uchumi katika Chuo cha Trinity, Dublin, na kuhitimu kwa shahada ya uzamili katikati ya miaka ya 1960.

Inafaa tusitishe kidogo hapa. Dublin haikuwa mji wa hivi hivi kwa kijana mwenye jicho la sanaa. Ndio mji wa ukumbi wa Abbey, ulioanzishwa mwaka 1904 na akina W. B. Yeats na Lady Gregory kwa nia ya kulipatia taifa dogo lililotawaliwa jukwaa lake lenyewe, likicheza visa vya watu wake. Chuo cha Trinity ndicho alichosomea Samuel Beckett, mwandishi ambaye tamthilia zake ziliwapa wanadrama wa karne ya 20 mfano wa ubwege: watu wawili njiani wakingoja, mazungumzo yasiyofika popote, ukimya unaobeba uzito kuliko usemi. Wahakiki wameiona athari ya mkondo huo katika kazi za Serumaga, na msomaji wa Majangwa hatatatizika kuiona.

Baada ya masomo alifanya kazi ya utangazaji jijini London. Huko alishiriki katika vipindi vya redio vilivyohusu sanaa na waandishi wa Afrika, na mwaka 1967 alimhoji Chinua Achebe wa Nigeria. Mahojiano hayo yalichapishwa baadaye katika mkusanyiko unaosomwa na wanafunzi wa fasihi hadi leo. Kwa hiyo kabla ya kujulikana kwa kazi zake mwenyewe, Serumaga alikuwa amejizoeza kuwasikiliza wengine wakieleza kazi zao. Kuelekea mwishoni mwa miaka ya 1960 alirejea Uganda, akiwa na shahada ya uchumi mkononi na jukwaa moyoni.

Uganda Aliyoirejea

Nchi aliyoirejea haikuwa ile aliyoiacha. Uganda ilikuwa imepata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962 kwa makubaliano dhaifu kati ya serikali kuu na ufalme wa Buganda. Mnamo Mei 1966 makubaliano hayo yalivunjika. Rais Milton Obote alilituma jeshi, likiongozwa na Idi Amin, kulishambulia kasri la Kabaka huko Mengo. Kabaka Mutesa II alitoroka na akafia London mwaka 1969. Mwaka 1967 falme zote zilifutwa. Kwa msanii Mganda wa wakati huo, hakukuwa na kisa cha kutungiwa mchezo kilichokuwa karibu zaidi, wala kilichokuwa hatari zaidi kukisema waziwazi.

Upande wa sanaa, Kampala ilikuwa na uhai. Ukumbi wa Kitaifa wa Maonyesho ulikuwa umefunguliwa mwaka 1959. Katika miaka yake ya mwanzo ulitumiwa zaidi na vikundi vya Wazungu na Wahindi, kisha taratibu Waafrika wakaingia. Chuo cha Makerere kilikuwa kimeanzisha mwaka 1965 msafara wake wa maonyesho ya bure, ambapo wanafunzi walizunguka vijijini wakicheza kwa Kiingereza na kwa lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo. Okot p'Bitek aliusimamia ukumbi wa Kampala kwa muda kabla ya kuikosana na serikali na kuhamia Kenya, ambako aliandaa tamasha la sanaa mjini Kisumu mwaka 1968. Byron Kawadwa naye alikuwa akiwavuta watu kwa michezo ya Kiganda yenye nyimbo na kejeli. Serumaga aliingia katika uwanja huo na kundi aliloliita Theatre Limited, kwa nia ya kuwapa waigizaji wa Kiafrika nafasi ya kuifanya kazi hiyo kwa weledi badala ya kuichukulia kama burudani ya jioni baada ya ofisi.

Kipindi cha Maneno: A Play, Riwaya na The Elephants

Kazi zake za mwanzo ni kazi za mtu aliyeyaamini maneno. A Play, iliyochezwa na kuchapishwa mwaka 1967, inamhusu mzee Mutimukulu anayeandamwa na dhamiri kwa sababu ya kifo cha mkewe. Kinachotukia jukwaani ni mchanganyiko wa ndoto, kumbukumbu na majuto. Wakati haufuati msitari mnyoofu, na mtazamaji hana hakika ni kipi kimetukia na ni kipi kinachotoka akilini mwa mzee. Wapo waliomlaumu kwa kuiga ubwege wa Ulaya. Lawama hiyo ina ukweli wake, lakini inasahau kuwa mtu anayesumbuliwa na marehemu si mgeni katika masimulizi yetu. Mzimu unaorudi kudai haki yake ulikuwepo katika ngano za Waganda na Wajaluo karne nyingi kabla ya Beckett kushika kalamu.

Mwaka 1969 alitoa riwaya yake ya pekee, Return to the Shadows, katika msururu maarufu wa waandishi wa Kiafrika wa shirika la Heinemann. Mhusika mkuu, Joe Musizi, ni msomi anayelazimika kuukimbia mji mkuu baada ya mapinduzi ya kijeshi na kuelekea kwao kijijini, akiwa amepoteza usalama na mali na, zaidi ya yote, imani yake kwamba elimu yake ingemkinga. Nchi ya riwaya inaitwa Adnagu, jina ambalo likisomwa kinyumenyume huwa Uganda. Fumbo hilo lilikuwa jepesi mno kumficha mtu. Miezi michache baada ya mwanzo wa mwaka 1970 kupita, nchi ilikuwa ikielekea kule kule. Tarehe 25 Januari 1971, Idi Amin aliipindua serikali ya Obote alipokuwa nje ya nchi, na Adnagu ikageuka kuwa Uganda ya kweli.

Kabla ya mapinduzi hayo Serumaga alikuwa ameandika The Elephants, tamthilia iliyochapishwa mwaka 1971. Inawahusu vijana wanaoishi katika mazingira ya chuo kikuu: David ambaye ni mtafiti, Maurice ambaye ni msanii mkimbizi, na Jenny, msichana wa Kimarekani. Swali lake kuu ni kama mtu anaweza kumlinda mwenzake kwa kumficha ukweli. Ni swali la nyumbani linalogusa siasa: je, uongo unaosemwa kwa huruma hauishii kumwangamiza aliyekusudiwa kuokolewa? Hapa bado Serumaga anayategemea mazungumzo. Wahusika wake husema, hubishana na kukiri. Ni tamthilia ya mwisho ambamo anaonekana kuamini kuwa wasomi watatu chumbani, wakizungumza Kiingereza, wanaweza kuyabeba mateso ya nchi nzima.

Majangwa: Daraja la Kuvukia

Mabadiliko yanaanza na Majangwa, aliyoiandika mwaka 1971 na ikachapishwa Nairobi mwaka 1974. Wahusika ni mume na mke, Majangwa na Nakirijja. Walikuwa watumbuizaji wa barabarani. Zamani Majangwa alipiga ngoma na watu wakamiminika kumsikiliza. Kisha ngoma peke yake ikaacha kuwavuta. Ili kuushika umati, na ili wapate chochote cha kutia kinywani, wawili hao walifikia hatua ya kufanya hadharani tendo la unyumba, wakitupiwa sarafu. Tunawakuta njiani usiku, wachovu, wakilaumiana na kukumbushana walivyokuwa.

Msomaji anayeishia kwenye aibu ya kisa hiki atakuwa ameikosa shabaha ya mtunzi. Majangwa ni taashira ya msanii katika nchi iliyoharibika. Anaanza na kipaji cha kweli, hadhira inazoea, inataka kali zaidi, naye anaendelea kuuza kilicho ndani yake hadi asibakiwe na cha siri. Serumaga alikuwa akijiuliza swali lililomhusu yeye mwenyewe: msanii anayetaka kuendelea kuishi chini ya macho ya watawala atauza nini, na ataacha lini? Tangu mwanzo wa kazi yake alizoea kuziigiza nafasi kubwa katika michezo aliyoiandika na kuielekeza, na jambo hili lina maana. Hakuliweka swali hilo mdomoni mwa mtu mwingine huku yeye akikaa kando na daftari.

Katika mchezo huu pia ngoma, mwili na ukimya vinaanza kushindana na mazungumzo. Mambo mazito zaidi hayasemwi. Tunayaona katika namna wawili hao wanavyokaa, wanavyosogeleana na wanavyogeuziana migongo. Mwelekezi alikuwa ameanza kumpita mwandishi.

Abafumi na Renga Moi

Mapema katika miaka ya 1970 Serumaga aliunda kundi jipya, Abafumi, jina lenye maana ya wasimulizi wa hadithi. Waigizaji wake walikuwa vijana ambao wengi walikuwa wametoka shuleni si muda mrefu. Kazi yao ilikuwa mazoezi, kutwa na siku nyingi mfululizo: mazoezi ya pumzi, ya sauti, ya viungo, ya kucheza ngoma za makabila mbalimbali ya Uganda na ya kuigiza bila kutamka. Waliochunguza mbinu zake wameona humo mambo mawili yaliyokutana. La kwanza ni mafunzo ya waelekezi wa Ulaya Mashariki: Konstantin Stanislavski wa Urusi, aliyemtaka mwigizaji atafute ukweli wa hisia ndani ya nafsi yake, na Jerzy Grotowski wa Poland, aliyeliondolea jukwaa mapambo na kuacha mwili wa mwigizaji mbele ya mtazamaji. La pili ni miviga ya Kiafrika, ambamo mtu haigizi tu kuwa anaomboleza bali anaomboleza kweli.

Tunda kubwa la kazi hiyo lilikuwa Renga Moi, mchezo wa mwaka 1972. Kisa chake ni cha Waacholi. Shujaa Renga Moi amezaliwa watoto mapacha. Kwa mila, uzazi wa mapacha ni jambo zito linalohitaji miviga ya kuwatakasa wazazi na kuwapokea watoto, na baba hatakiwi kumwaga damu kabla ya miviga hiyo kukamilika. Papo hapo kijiji kinashambuliwa na maadui. Kijiji kinamhitaji shujaa wake na watoto wanamhitaji baba yao. Afanye lipi? Anachagua vita. Akiwa huko, mambo yanakwenda mrama kijijini na mapacha wake wanatolewa kafara. Shujaa anaporejea na ushindi, nyumba aliyoipigania haipo tena.

Hapa ndipo msomaji wa Rodi Kopany anapohitaji kuinua kichwa. Kwetu mapacha huitwa rude. Wa kwanza ni Opiyo au Apiyo, wa pili ni Odongo au Adongo. Waacholi nao wana Opiyo na Apiyo, kisha Ocen na Acen. Baganda wana Wasswa na Kato kwa wavulana, Babirye na Nakato kwa wasichana, na wazazi wao hupewa vyeo vya heshima vya Ssalongo na Nnalongo. Ni miviga inayovuka mipaka ya makabila yaliyokuwa yakifundishwa kuchukiana. Serumaga, Mganda, alikwenda kukichukua kisa cha watu wa kaskazini wakati ambapo siasa za Uganda zilikuwa zimewageuza watu wa kusini na wa kaskazini kuwa maadui. Wanajeshi Waacholi na Walango walikuwa wameuawa kwa wingi katika kambi mara tu Amin aliposhika madaraka. Kuwafanya vijana wa makabila tofauti wakiombolezee kilio cha Waacholi jukwaani, katika lugha kadhaa za nchi hiyo, ilikuwa hoja ya kisiasa isiyohitaji hotuba.

Mwaka 1975 Abafumi waliicheza Renga Moi katika ukumbi wa Aldwych jijini London, katika msimu wa kimataifa wa maonyesho uliowakutanisha magwiji wa jukwaa kutoka nchi mbalimbali. Hadhira isiyojua Kiganda wala Kiacholi iliufuata mchezo kwa mwendo wa miili, milio ya ngoma na vilio. Kundi hilo lilizuru pia nchi nyingine za ng'ambo, na wakati jina la Uganda lilikuwa likitajwa magazetini kwa sababu ya mauaji na kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972, vijana hawa waliwaonyesha walimwengu kwamba Uganda haikuwa Amin peke yake.

Amayirikiti: Onyesho Lisilo na Neno

Hatua ya mwisho ilifikiwa mwaka 1974 katika Amayirikiti. Jina hilo ni la mti wa maua mekundu kama moto, ule ambao Wajaluo huuita orembe. Katika onyesho hili Serumaga aliyaondoa mazungumzo kabisa. Kilichobaki ni ngoma, sauti za vinywa zisizo maneno, na miili inayoanguka, inayokokotwa na inayoinuka. Lilihusu mauaji, nalo lilichezwa katika nchi iliyokuwa ikiuawa.

Ili tuutambue uzito wa hatua hiyo, tukumbuke waliokuwa wametoweka kufikia wakati huo. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alitekwa akiwa mahakamani mnamo Septemba 1972. Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Frank Kalimuzo, alitoweka mwaka huo huo. Ikiwa jaji hakusalimika mahakamani na msomi hakusalimika chuoni, mwigizaji angesalimikaje jukwaani? Askari wa usalama anaweza kuuchukua mswada, akaupigia mstari chini ya sentensi na kumwita mwandishi ajieleze. Hawezi kuupigia mstari mwili unaodondoka. Serumaga aliugundua mwanya huo akaupitia.

Kwa sisi wanafunzi wa Kiswahili, lipo jambo jingine la kutafakari. Mwaka 1973 Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa la Uganda. Tungetarajia kushangilia. Lakini kwa raia wengi wa kusini mwa nchi hiyo, Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi za jeshi, ya vizuizi barabarani, ya amri inayotolewa na mtu mwenye bunduki. Kiganda kilikuwa lugha ya kabila moja machoni pa makabila mengine, na Kiingereza kilikuwa lugha ya wachache waliosoma. Kwa maoni ya makala haya, jukwaa lisilo maneno la Serumaga linaweza kufasiriwa pia kama jibu kwa tatizo hilo: kila lugha iliyokuwepo ilikuwa imekwisha kutiwa doa na mtu fulani. Somo kwa wapenzi wa Kiswahili ni kwamba lugha haipendwi kwa tangazo la serikali. Hupendwa na watu kwa yale wanayotendewa kwayo.

Je, Kunyamaza Kulikuwa Ushujaa?

Wapo watakaosema kwamba Serumaga alijificha. Wakati Kawadwa aliimba na kukejeli kwa lugha ambayo muuza ndizi aliielewa, Serumaga alikuwa akizunguka Ulaya na onyesho lililohitaji kufasiriwa na wahakiki. Zaidi ya hayo, sifa za Abafumi huko nje ziliifaa serikali iliyotaka kuonekana kuwa inaienzi sanaa. Hoja hii haiwezi kupuuzwa.

Hata hivyo, tuitazame hatima ya njia ile nyingine. Mapema mwaka 1977 Kawadwa aliipeleka michezo yake Lagos katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi, lile ambalo Kenya iliwakilishwa na Betrayal in the City ya Imbuga na tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi. Baada ya kurejea Kampala, Kawadwa alitekwa na kuuawa. Februari ya mwaka huo Askofu Mkuu Janani Luwum alikuwa ameuawa pia. Hapa Kenya, Desemba ya mwaka huo huo, Ngũgĩ alitiwa kizuizini baada ya mchezo alioutunga na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kupigwa marufuku Kamĩrĩĩthũ. Kwa hiyo mwaka 1977 ulikuwa mwaka ambao jukwaa la Afrika Mashariki lililipia maneno yake.

Serumaga naye hakungoja zamu yake. Alitoroka akaja Nairobi. Ukimya wake ulikuwa umempatia miaka kadhaa ya kufanya kazi na kuwafunza vijana. Haukumpatia kinga ya milele. Tukiupima uamuzi wake kwa haki, hatuwezi kuuita woga, maana mwoga hachezi mauaji mbele ya wauaji. Wala hatuwezi kuuita ushindi. Ulikuwa njia ya mtu aliyekuwa na maisha ya vijana wengi mikononi mwake na aliyetaka warudi nyumbani salama baada ya kila onyesho.

Kutoka Jukwaani hadi Serikalini

Akiwa Nairobi, Serumaga aligeukia siasa za ukombozi waziwazi. Vita kati ya Tanzania na Uganda vilianza baada ya majeshi ya Amin kuivamia Kagera mwishoni mwa mwaka 1978. Machi 1979 makundi ya raia wa Uganda waliokuwa uhamishoni yalikutana Moshi, Tanzania, na kuunda umoja wao chini ya Profesa Yusuf Lule. Kampala ilikombolewa tarehe 11 Aprili 1979. Lule akaapishwa kuwa rais, na Serumaga akateuliwa kuwa waziri wa biashara. Shahada ya Dublin, aliyoiweka kando kwa zaidi ya mwongo mmoja, ilipata kazi hatimaye.

Lakini tamthilia hii haikuwa na mwelekezi mmoja. Serikali ya Lule ilidumu siku 68 tu. Ilipoangushwa mnamo Juni 1979, Serumaga alirudi tena Nairobi. Mtu aliyeandika juu ya msomi anayekimbia mapinduzi alikuwa sasa amekimbia mara mbili. Septemba 1980 alifariki ghafla jijini humo, miezi mitatu kabla ya uchaguzi uliomrejesha Obote madarakani. Hakuishi kuiona Uganda aliyoitaka, wala hakupata nafasi ya kurudi mazoezini.

Hitimisho

Mwaka mmoja baada ya kifo chake, mnamo 1981, ilitolewa filamu ya kuinuka na kuanguka kwa Idi Amin, iliyoelekezwa na Sharad Patel. Nafasi ya Amin ilichezwa na Joseph Olita, mwana wa Siaya, aliyefariki mwaka 2014. Filamu ile ipo, na yeyote atakaye anaweza kumwona Olita akitembea, akicheka na kufoka kama dikteta. Amayirikiti haina bahati hiyo. A Play, The Elephants, Majangwa na Return to the Shadows zinasomeka kwa sababu zina maneno yaliyopigwa chapa. Kazi alizozikamilisha zaidi kisanaa, zile alizoziondolea maneno, zilikwenda na pumzi za waliozicheza. Hii ndiyo gharama ya njia aliyoichagua: kilichomkinga na askari ndicho kilichomnyima kumbukumbu.

Kwa hiyo wajibu uliobaki ni wetu. Waliowahi kumwona Serumaga na Abafumi ni wazee sasa, na kila mwaka idadi yao inapungua. Mwanafunzi wa sanaa za maonyesho anayesafiri Kampala angefanya jambo la maana akikaa chini na kuandika wanachokumbuka: walisimama wapi, ngoma ipi ililia, hadhira ilinyamaza lini. Mwanafunzi wa tafsiri naye ana Majangwa ya kujipima kwayo, tamthilia fupi yenye wahusika wachache ambayo kwa Kiswahili ingewafikia wengi. Na walimu wa michezo ya kuigiza katika shule zetu, kuanzia Rodi Kopany hadi Karungu, ambao kila mwaka huwaandaa vijana kwa tamasha za shule, wanaweza kujifunza kwake kwamba mwigizaji hafunzwi kukariri tu. Hufunzwa kusikiliza, kupumua, na kuuachia mwili useme pale ulimi unaposhindwa.

Mungu ailaze roho ya Robert Serumaga mahali pema.